Pakiti moja, ndugu wawili

Neno wapagazi lipo kwenye karatasi za kampuni tu. Mlimani Kilimanjaro sisi tunaowabebea wageni mizigo ni wagumu. Jina hilo nililipata mwaka 1996 nikiwa na miaka 17, baada ya kudanganya umri wangu pale lango la Marangu, na safari hiyohiyo ndiyo iliyonipa sigara yangu ya kwanza. Hakuna aliyenilazimisha. Tulikuwa kambi ya Horombo, mita 3,720, giza limeshaingia na ile baridi inayouma masikio, mimi nimekaa juu ya ndoo nyuma ya jiko natetemeka. Mgumu mmoja wa makamo akanipa yake iliyofika nusu. "Vuta dogo, upashe kifua moto." Nikavuta, nikakohoa hadi machozi, wakacheka, nikavuta tena.

Sigara haipashi moto chochote. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, ile inayofika ncha za vidole, kwa hiyo mvutaji anazidi kupoa huku akijiona anaota moto. Usiku ule vidole viliniingia ganzi nikaulaumu mlima.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaanza kabla yangu. Yeye alikuwa fundi gereji huku Moshi mjini, Majengo, na nikishuka mlimani tulikuwa tunakaa naye jioni nje ya kibanda cha mkewe, tunavuta kutoka pakiti moja. Shemeji aliuza nyanya za mafungu, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, na sigara moja moja alizoziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuwa na upendeleo. Mume na shemeji yake wote tuliandikwa kwenye daftari kama wateja wengine wa mkopo, na mwisho wa wiki tunalipa. Utani wa watu wa Moshi na moshi mtaukisia wenyewe, nimeusikia mara nyingi mno.

Kilichonidanganya kwa miaka 20 ni ugumu wenyewe. Mzigo wa mgeni unaruhusiwa kilo 20, ukiongeza vya kwako unapanda na kilo 25 hivi, na nilikuwa nafika kambini kabla ya mgeni aliyebeba chupa ya maji na kamera. Nani angeniambia nina mapafu mabovu? Nilikuwa nawacheka wageni wanaotweta wakati hawajawahi kugusa sigara. Sikujua kwamba mapafu yana akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza sehemu nzuri ya uwezo wake wa kupumua na asihisi kitu akiwa Mbuyuni sokoni anabishana bei, kwa sababu shughuli za kawaida hazihitaji pafu zima. Akiba inaliwa kimyakimya, na siku utakapoihitaji ndipo utakapogundua kwamba imekwisha.

Mimi niligundulia kwenye Tandiko, lile jangwa tambarare kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Aliyepita njia ya Marangu anajua kwamba kule kambi ya Kibo hakuna maji. Unayachota chini, sehemu inayoitwa Maji ya Mwisho, na mgumu anayabeba juu pamoja na mengine yote. Mwaka 2016 nilikuwa na ndoo ya maji kichwani, njia ni nyeupe, ndefu, haina hata mlima wa kujitetea nao. Nikasimama nifunge kamba za kiatu. Hatua kama mia mbili nikasimama tena nifunge kamba. Kijana wa safari ya kwanza, hata glavu hana, akanipita akaniuliza, "Meku, viatu vinakusumbua?" Nikamwambia ndiyo, vimechakaa.

Viatu vilikuwa vizima. Nilivinunua mtumba Kiboriloni wiki mbili kabla, kamba zake ngumu kama waya.

Kikohozi cha asubuhi nilikuwa nacho tangu zamani, kile cha kuamka, kukohoa dakika tano, kutema, kisha kuwasha ya kwanza ili kitulie. Na kweli kinatulia. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu na makohozi kuyapandisha juu. Moshi unavilemaza, usiku ukilala bila kuvuta vinaanza kuamka na kufagia, ndiyo maana asubuhi unakohoa, na ile sigara ya kwanza inavilaza tena. Kwa hiyo nilichokiita dawa ya kikohozi kilikuwa kinawapiga wafagiaji rungu kila siku saa kumi na mbili na nusu.

Wenzangu walisema nitaishia Kibong'oto. Kwetu huku ukikohoa wiki tatu hakuna ugonjwa mwingine unaotajwa, hospitali ile ya Siha imetibu kifua kikuu tangu enzi za mkoloni. Nikapima makohozi, hakuna TB. Nikashangilia kwa kuvuta mbili mfululizo nje ya geti. Nasema hivi kwa aibu, lakini nadhani wavutaji wengi wananielewa: majibu mazuri ya kipimo kimoja huwa tunayasoma kama ruhusa. Na hata hivyo mvutaji ana hatari ya kupata TB karibu mara mbili ya asiyevuta, hilo pia sikulijua.

Mwaka 2017 ndipo nikapelekwa kupuliza. Sikuwa nimesikia kipimo kama hicho. Unakaa kwenye kiti, unabanwa pua na kibanio kama cha kuanikia nguo, unapewa kipande cha bomba la karatasi ngumu mdomoni. Dokta, binti mdogo kwa umri wa mpwa wangu, akaniambia nivute hewa hadi mwisho kabisa halafu niitoe yote kwa nguvu moja. Akawa anapiga kelele kama shabiki uwanjani: "Puliza! Puliza! Puliza! Endelea, endelea, bado ipo!" Haikuwepo. Nikaona nyota. Tukarudia mara tatu, akanipulizia dawa ya kufungua njia za hewa, tukasubiri, tukarudia tena.

Sekunde ya kwanza nilitoa lita 2.0. Mtu wa urefu na umri wangu angetarajiwa kutoa lita 3.4. Nilikuwa na miaka 38.

Akaniuliza nyumbani tulipikia nini. Nikamwambia kuni, kama watu wote wa Marangu, na kwamba bibi yangu aliyenilea alikuwa akikohoa kama mimi ingawa hakuwahi kuvuta sigara, alikuwa mtu wa ugoro. Dokta akatikisa kichwa. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha unaharibu njia za hewa kwa namna inayofanana, akasema, na mtoto aliyekulia humo anaweza kuanza utu uzima akiwa na akiba pungufu. Mimi nikaongezea yangu juu yake. Kwa kawaida mtu mzima hupoteza kama mililita 30 za pumzi ile ya sekunde ya kwanza kila mwaka, ni uzee tu. Kwa mvutaji ambaye mapafu yake yanadhurika kirahisi, upotevu unaweza kuwa mara mbili au zaidi. Ugonjwa wangu akauita ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kuvunjika havioti tena.

Nilimuuliza basi kwa nini kule juu ndiko kunaniua. Hapo akanieleza jambo ambalo nimewasimulia wagumu wengi tangu siku hiyo. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi unayovuta ina oksijeni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari. Hilo tunalijua wote, angalau kwa miili yetu. Lakini moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, ile hewa inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. "Chukulia msafara wako una wagumu mia," akasema. "Wewe unapanda mlima huku wagumu kama kumi umewabebesha mawe. Wapo, wanatembea, wanakula, lakini hakuna wanachomletea mgeni." Na mgeni ni moyo, ubongo, misuli ya miguu. Kumbe pale Horombo, nilipokuwa navuta mbili kabla ya kulala ili kesho niwe na nguvu, nilikuwa najipandisha mlima mwingine juu ya ule ninaoupanda.

Mtadhani niliacha siku hiyo. Sikuacha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Akanisikiliza, akawasha, akanipa ushauri ambao ulionekana wa hekima kabisa: "Mdogo wangu, punguza kama mimi." Yeye alikuwa amepunguza tangu mwaka 2012. Kutoka pakiti kwa siku hadi tatu, siku za mechi nne. Hakuwa na kikohozi. Alikuwa na kifua safi, alikuwa anabeba gearboksi mwenyewe, na alikuwa ananionea huruma mimi. Nikamfuata. Kutoka 15 hadi tano, nikajiona nimeongoka.

Machi 2018, Jumapili jioni, kaka alisema ana gesi. Alikuwa amekula mtori na nyama nyingi, kwa hiyo kila mtu alikubali kwamba ni gesi. Alijishika hapa juu ya tumbo, katikati ya kifua, akasema panabana, akanywa magnesiamu, akanywa soda ili abeue. Saa mbili usiku alikuwa anatoka jasho la baridi, shati limeshika mgongoni, na taya inamuuma. Taya! Sisi tukasema labda jino. Tukampeleka kwenye zahanati ya karibu, wakamuuliza kama ana vidonda vya tumbo, akasema aliwahi kuambiwa anavyo, wakampa dawa za vidonda na kuturudisha. Hakuna aliyempima umeme wa moyo. Sijui kama mashine walikuwa nayo. Nimeshakasirika sana kuhusu usiku ule na hasira zimenichosha, maana hata mimi niliyekaa naye miaka yote sikuwaza moyo hata kidogo. Mvutaji wa sigara kwetu anaogopeshwa kansa na kifua kikuu. Akikohoa anashtuka. Nani alituambia kwamba unaweza kuwa na kifua kisicho na hata mkwaruzo na moyo ukawa ndio unaolipa deni?

Saa kumi alfajiri shemeji alinipigia. Tulimbeba kwa teksi kuelekea hospitali kubwa. Alifia njiani, kabla ya mataa. Alikuwa na miaka 47.

Msibani wanaume tulikaa nje kwenye moto, na sigara zilizunguka kama kawaida ya misiba. Nilivuta. Usiku wa kuamkia mazishi nilivuta nyingi kuliko nilizovuta wiki nzima iliyotangulia. Siku ya tatu baada ya kuzika, shemeji akaniita ndani nimsaidie kupanga karatasi za gereji, nani anadai na nani anadaiwa, na katikati ya karatasi likatoka lile daftari la kibanda. Ukurasa wa kaka ulikuwa na jina la utani alilompa mumewe, na chini yake, kwa mwandiko wake mdogo: sigara 3. Sigara 3. Sigara 4. Sigara 3. Nikafungua nyuma, 2017, hivyohivyo. Shemeji hatupi madaftari. Alikuwa nayo tangu 2012 kwenye boksi la viatu. Sigara 3, sigara 4, sigara 3.

Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimeshamhukumu kaka. Nilishawaza kwamba alitudanganya, alikuwa anavuta gereji kwa siri, maana sigara tatu haziwezi kumuua mtu shupavu namna ile. Daftari likasema hakudanganya. Shemeji mwenyewe aliwahi kumfuma gereji mara kadhaa bila taarifa na hakukuta kitu.

Nilirudi kwa yule dokta wa kupuliza na swali hilo tu. Akanijibu taratibu. Mapafu na kansa, akasema, vinakwenda zaidi kwa wingi wa moshi na wingi wa miaka. Moyo haupigi hesabu ya namna hiyo. Anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayoibeba mwenye kuvuta 20. Tatu si kama moja ya saba ya hatari, kama kaka alivyokuwa anajifariji. Kila sigara inapandisha mapigo na presha kwa muda, inaukwaruza utando laini wa ndani ya mishipa mahali mafuta yanapopenda kuganda, na inafanya vigandisha-damu vishikane upesi. Mshipa ukishakuwa na utando wa mafuta, kinachosubiriwa ni utando huo kuchanika na damu kuganda juu yake. Misuli ya moyo iliyo mbele ya kizuizi inaanza kufa ndani ya dakika kadhaa. Wanapowahi kuzibua wanaokoa. Kila saa inayopita inapunguza cha kuokoa. Na maumivu yanaweza kutokea tumboni juu, mgongoni, kwenye taya, mkono wa kushoto. Akasema kukiwa na mbano na jasho la baridi kwa mtu anayevuta, msikubali jibu la gesi mpaka moyo upimwe.

Pakiti ilikuwa ileile. Mimi ilinishika mapafu, yeye moyo.

Niliacha tarehe ambayo siikumbuki vizuri, kati ya siku ya daftari na siku ya dokta. Bandiko la nikotini, lile la kubandika mwilini lipunguze hamu ya sigara, nililiulizia maduka ya dawa manne hapa mjini, mawili hawakujua ni kitu gani. Nikabaki na jojo na karanga. Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mbaya, niliwagombeza watoto kwa kugonga vijiko. Wiki ya pili kikohozi kikazidi, nikadhani nakufa, kumbe wale wafagiaji wameamka na wana miaka 22 ya uchafu wa kutoa. Mikono ndiyo ilinisumbua kuliko kifua: jioni nje ya kibanda haikujua pa kukaa. Mwezi wa tatu tangu niache nilivuta mbili, kwenye harusi Himo. Sikusema "basi nimeshaharibu", nikalala, asubuhi nikaendelea na karanga.

Dokta alinipa kitu cha kushika. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanaanza kushuka, ndani ya siku moja au mbili ile kaboni monoksaidi inakuwa imetoka kwenye damu, yaani wagumu kumi wametua mawe. Mwaka mmoja ukipita, hatari ya ziada ya moyo inakuwa imeshuka kwa karibu nusu. Akanisimulia pia kwamba Uingereza waliwafuatilia madaktari wao wenyewe kuanzia mwaka 1951 kwa nusu karne, wakaona mvutaji wa kudumu anapoteza kama miaka kumi ya maisha, na aliyeacha akiwa na miaka 40 anarudishiwa kama tisa. Nilikuwa na 39. Nilimwambia hao madaktari hawakubeba ndoo kutoka Maji ya Mwisho. Akacheka, akasema ndiyo maana nisizichezee hizo tisa.

Mwaka 2019 nilipuliza lita 2.1. Mwaka 2023 nikapuliza 2.0. Dokta alifurahi kuliko mimi. Akaniambia hiyo namba haitapanda, kazi yetu ni kuizuia isishuke upesi. Mlima niliuacha. Siku hizi nipo kwenye duka la kukodisha vifaa, jaketi na mabuti na magunia ya kulalia, na wagumu vijana wananikuta hapo alfajiri. Wengine wanavuta nje ya mlango. Simhubirii mtu, wana baridi yao na njaa yao. Ila akija mmoja akaniambia viatu vinamsumbua, namuuliza anafunga kamba mara ngapi.

Shemeji bado anauza sigara. Watu wa familia walimsema sana, na mimi mwaka wa kwanza nilimnunia, nikawa napita njia ya juu ili nisikione kibanda. Mtoto wake wa mwisho yupo kidato cha tatu, na hilo kopo la maziwa ndilo linaloingiza pesa kila siku, nyanya zinaoza. Sijui ningemwambia nini. Jioni nikipita sasa ananirushia jojo mbili kabla sijaomba, halafu analivuta daftari na kuandika kwenye ukurasa wangu: jojo 2.